Sauti Juu ya Mgongo wa Samha

Vijana, mtu akikwambieni kwamba kule kusini, katika ule mji mdogo wa mbio za ngamia, hakuna cha kutazama ila ngamia wenyewe, mjue huyo hajashuka garini. Mimi nimeshuka. Nimepeleka wageni kule miaka thelathini na moja, mara elfu kumi kwa uchache, na mke wangu akikwambieni kwamba elfu kumi haziingii katika miaka thelathini na moja, msimsikilize, hesabu yake ni ya skuli ya mchana. Jina la mji silitaji. Watu wake wana heshima zao, na yuko mmoja kati yao ambaye kama ni hai au ni maiti mimi sina hakika mpaka leo.

Nimestaafu mwaka jana. Tangu hapo mnanijia hapa Maskati, mtaani kwangu Darsait, nyinyi watoto wa Bawshar na Al Khuwair, na mashahada yenu ya utalii, mnaniuliza: ammi, mgeni tumfanyishe nini kule siku mbili nzima? Haya, andikeni.

Mtoeni Maskati mara baada ya sala ya alfajiri, kabla barabara ya Al Khuwair haijajaa magari ya watu wa wizarani. Mkishavuka milima, nchi inalala chini kama mkeka na haiinuki tena. Fikeni Alkhamisi, siku ya mnada wa mifugo, na mgeni asimame kule upepo unakotoka, maana harufu ya beberu wa kule humfuata mtu mpaka ndani ya ndege. Kisha mpelekeni kwenye falaji, ule mfereji unaopita chini ya mitende, avue viatu atie miguu. Samaki wadogo watamdonoa vidole na atacheka. Nilimpeleka jaji mmoja, mtu mkavu kama kuni, akacheka mpaka akaanguka majini na suti yake. Ngome mpeni nusu saa tu, ngazi zake nyingi. Kwa mpika halwa ombeni mgeni aikoroge mwenyewe ndani ya sufuria. Atakoroga mara tatu, atashika bega, na tangu hapo ataila kwa adabu.

Hayo ndiyo ya mchana kweupe. Yaliyobaki ni mawili, mtaa wa zamani na kiwanja cha mbio, na hayo yanataka maneno zaidi.

Mimi sikuanza kazi kwa kuongoza mtu. Nilianza dereva, nnaendesha na kunyamaza, na kunyamaza kukinitesa kuliko jua. Kiingereza nimekisoma skuli ya usiku kule Ruwi, umri umeshapindukia thelathini, nimekaa dawati moja na watoto wa rafiki zangu. Nilikisoma kwa bidii hata nikawa nnaota kwa Kiingereza, mke wangu ananiamsha nimfasirie. Cheti kimetundikwa sebuleni, na kwa ukubwa kinaishinda televisheni.

Aliyenifundisha kazi khasa ni Ami Saidi, mzaliwa wa Unguja kama mimi, dereva aliyeujua mchanga kama mama anavyoujua unga wake. Akishusha kioo, akisikiliza mipira ya gari, anakwambia hapa pagumu, hapa patakumeza. Safari yangu ya kwanza ya mchangani nilisahau kupunguza upepo wa mipira. Gari ikazama mpaka milango ikakataa kufunguka, wageni wakatokea madirishani. Ami Saidi alipofika alitandika jamvi, akamimina kahawa, akatunywesha wote, ndipo akanionyesha. Punguza upepo mpaka mpira utoke mashavu kama mtoto aliyejaza chakula mdomoni. Mchangani usifunge breki, iache gari isimame yenyewe. Ukinasa usikanyage mafuta, shuka, chimba, na ucheke, maana mgeni hutazama uso wa dereva kabla hajatazama mchanga.

Siku hiyo hiyo, tukiwa njiani kurudi, akanambia neno la pili. Alikuwa ameshanisikia nikiwaambia wageni kwamba mlima fulani ni mrefu kuliko wote wa Arabuni. "Suleiman," akasema, "milima iongeze urefu upendavyo, haina watoto wa kuona haya. Watu usiwaongezee kitu." Nikamwambia ndiyo ami. Na ndiyo ile ilikuwa ya adabu tu, haikwenda mbali zaidi ya mdomo.

Sasa mtaa wa zamani. Uko nyuma ya mitende, nyumba za udongo za ghorofa mbili na tatu, na hakuna mtu. Watu wote walihamia kwenye nyumba mpya kando ya barabara kuu, na walivyohama ni kama waliitwa na mtu nje, wakatoka wakidhani watarudi. Utaona kitanda kimetandikwa. Utaona mtungi, kandili, kiatu kimoja cha mtoto juu ya ngazi. Upepo ukipita kwenye vile vichochoro hutoa sauti kama ya watu wanaozungumza chumba cha pili, na ukiingia chumba cha pili wanazungumza cha tatu. Mpitisheni mgeni katikati ya njia, dari zinaanguka. Msiingie baada ya alasiri, kule jua huzama mapema kuliko nje. Na msiite mtu kwa jina mkiwa ndani, maana jina lake litamrudia limefuatana na mwenzake.

Hilo la jina nimelitunga mimi. Nilikuwa na wageni waliochoka, nikataka kuwaamsha. Lakini sikilizeni hili: miaka mitano baadaye mzee mmoja wa mji ule alinikalisha chini, akanieleza kwa siri kwamba mule ndani haliitwi jina la mtu, na kwamba yeye aliambiwa hivyo na babu yake. Nikamshukuru. Nilirudi garini nikicheka, lakini mikono, nakumbuka, ilikuwa baridi kwenye usukani. Pale ndipo ningelifahamu kwamba maneno ya kutunga katika nchi ile hayabaki pale ulipoyaangusha. Sikufahamu.

Tuje kiwanjani. Mgeni asiyejua atataka kuja siku ya mbio, kwenye zulia na makamera. Mleteni siku ya mazoezi, alfajiri, na khasa miezi ya baridi, ukungu unapolala juu ya mchanga. Zamani ngamia akipandwa na mtu. Siku hizi anapandwa na mashine, kitu kidogo mfano wa birika kilichovishwa fulana na kofia, kina kijiti cha kumpigia na kipaza sauti. Mwenye ngamia yuko ndani ya gari, anakwenda sambamba na kiwanja, redio ya mkononi iko mdomoni. Akisema yeye garini, sauti inatoka mgongoni kwa ngamia. Basi hebu fikirini. Ukungu umefunga, hamwoni hata gari zenyewe. Mnasikia mchanga unapigwa. Wanatokea ngamia kumi, ishirini, midomo imelegea, shingo mbele, na juu ya migongo yao hamna mtu, ila watu wanazungumza. Wanawapita, wanamezwa upande wa pili, na mazungumzo yanaendelea kule mbele, kidogo kidogo, mpaka hamjui kama mnasikia bado au mnakumbuka. Mgeni akitoka pale hanywi chai nusu saa.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa pale na wageni watatu kutoka Dar es Salaam, mume na mke na dada wa mke, watu wacheshi, tukizungumza Kiswahili tu na moyo wangu mweupe. Ukungu siku ile ulikuwa mzito, ungeweza kuukunja ukautia sandukuni. Kundi la ngamia lilishapita. Halafu akaja mmoja peke yake, jike jekundu, polepole, si mwendo wa mazoezi. Hakuna gari iliyokuwa sambamba naye, au kama ilikuwapo ilizima taa na injini. Akafika usawa wetu, na mgongoni kwake sauti ya mwanamume mtu mzima ikasema, haipigi kelele wala haimhimizi, kama mtu anayemwita mkewe uani: "Njoo mama, njoo. Njoo mama, njoo nyumbani."

Akapita. Wageni wakanitazama. Mimi nikajichekea, nikajiambia, Wazanzibari tumeshaenea, hata ngamia tunawasemesha. Nikamwendea mtu aliyekuwa kwenye uzio, nikamuuliza ngamia wa nani yule. Akanambia ni Samha, ngamia wa marehemu Hamed. Hamed alikutwa amekufa mchangani msimu wa baridi uliopita, alikwenda kutafuta ngamia aliyepotea, akazikwa siku ile ile aliyoonekana. Tangu hapo Samha hakutaka kukimbia kwa sauti ya mtu mwengine, basi mwanawe, Mahfudh, huchukua sauti ya baba yake aliyoihifadhi kwenye simu, akaiweka kwenye redio. Nikamwambia Mungu amrehemu. Kisa kikawa kimeisha pale, kimefafanuka, hakina shida yoyote.

Nami nikakichukua kile kisa kilichofafanuka, nikakirejesha gizani.

Tulikwenda duka la halwa. Tukakaa kwenye benchi, na benchi la pili alikuwako mwanamke mtu mzima wa mjini, barakoa usoni, ile ya mabibi wa kule, sahani yake mbele yake. Sikumjali. Kule bara ya Oman ukisema Kiswahili unajiona uko ndani ya chumba umefunga mlango, na hili vijana lishikeni kuliko yote niliyokwambieni, maana nusu ya mabibi waliovaa barakoa kule wamelelewa Unguja au Pemba. Wageni wakaniuliza, ile sauti ni ya nani? Maneno yenyewe sikuyarudia, walikuwa wameyasikia wenyewe. Nikawaambia ni ya Hamed. Nikawaambia Hamed hakufa. Hapa Oman, nikasema, mtu huchukuliwa, na watu humwita aliyefichwa. Kwetu Unguja tunasema kilichozikwa ni gogo la mgomba. Huku wachawi hutia gogo la mtende ndani ya sanda, na mwenyewe wanakwenda naye mchangani, awachungie ngamia zao miaka yote. Ukungu ukishuka huja kumwita ngamia wake.

Wageni macho yalikuwa yamewatoka. Nikaona bado kidogo, nikaongeza kipande cha mwisho, cha kwangu mimi, sijakisikia kwa mtu: kwamba aliyefichwa huja nyumbani kwake mara moja tu. Akikuta mlango wazi, amepona. Akikuta umefungwa, harudi tena.

Yule bibi aliondoka akaiacha halwa yake haijaguswa. Mimi nikaona sahani imebaki nzima, nikawatania wageni kwamba kule watu hushiba kwa harufu.

Ikapita miezi mitatu. Alasiri moja mlango wangu wa Darsait ukagongwa, kijana wa miaka thelathini na kitu, kanzu nyeupe, kilemba kimefungwa vizuri, macho ya mtu asiyelala. Akasema yeye ni Mahfudh bin Hamed. Nikamkaribisha, tende zikaja, kahawa ikaja, na kwa kuwa yeye ndiye mdogo akashika birika akanimiminia mimi. Tukaulizana khabari zote za ulimwengu. Hakuwa na haraka ya uso, haraka yake ilikuwa kwenye goti, likitikisika chini ya kanzu. Tulizungumza Kiarabu, maana Kiswahili hakijui.

Akanieleza kwamba mama yake, Bi Thuwaiba, ana maradhi ya sukari, na mguu una kidonda. Madaktari wa Maskati wanamtaka, kitanda kipo, naye hataki kutoka nyumbani. Mlango wa mbele hautaki ufungwe, si mchana si usiku. Mchanga unaingia mpaka chumbani, paka wa mtaa mzima wanalala ukumbini, naye amekaa kwenye kiti kinachotazama barabara. Anasema mwongozaji mmoja wa Maskati, anayesema Kiswahili, ndiye aliyetoa khabari kwamba Hamed yuko, na kwamba akikuta mlango umefungwa harudi. Kaburini hajakwenda tena, anasema hawezi kusomea gogo. Daktari amesema wiki hii mguu utaweza kutibiwa, wiki ijayo utakatwa, na baada ya hapo... Mahfudh hakumaliza.

Sikuwa na mahali pa kuuweka uso. Yeye hakunitukana, na angalinitukana ningalishukuru.

"Ammi," akasema, "wewe ndiye uliyelitia neno hili moyoni mwake. Mimi nimejaribu kulitoa, halitoki. Njoo ulitoe wewe."

Nikamwambia nnakwenda, leo hii. Nikafurahi hata, nikaona dawa iko rahisi. Nikamwambia anisikilizishe ile sauti ya kwenye simu, nitamsikilizisha mama, asikie kwamba ni mkanda tu. Akaitoa simu, akaweka juu ya busati baina yetu.

Ilikuwa injini, honi, na mwanamume anapiga kelele kwa Kiarabu: yalla Samha, yalla binti, yalla yalla! Ikakatika.

Nikamwambia siyo hii, ile nyengine. Akasema hakuna nyengine. Nikamwambia ile ya Kiswahili. Akanitazama. Akasema baba yake alikaa Unguja ujanani, akamwoa mama yake kule, lakini tangu yeye kuzaliwa hajamsikia akitamka neno la Kiswahili, si nyumbani si kiwanjani. Akaniuliza kwa nini nnauliza. Nikamwambia hapana, nimechanganya. Kikombe kilikuwa kinatikisika mkononi mwangu, na nyinyi mnajua hapa kwetu kutikisa kikombe maana yake ni basi nimetosheka, basi Mahfudh akaweka birika chini.

Nilikwenda chumbani nikampelekea ujumbe yule mgeni wa Dar es Salaam. Nikamuuliza, ile sauti ya kwenye ngamia ilisema lugha gani? Jawabu lilikuja kabla sijavaa kofia. Kiswahili, mzee wangu, umeshasahau? Njoo mama, njoo nyumbani. Mke wangu, akaandika, mpaka leo haendi uani peke yake.

Nikaingia garini.

Tulifika jua limeinama. Mlango ulikuwa wazi kama alivyosema, mchanga umefanya njia ndani ya ukumbi, na njia ile ilikuwa imekanyagwa. Nikajiambia ni paka. Bi Thuwaiba alikuwa kwenye kiti, mguu umefungwa kitambaa na umewekwa juu ya mto, na harufu yake niliipata nikiwa bado kizingitini. Barakoa ile ile. Nikamwamkia shikamoo, maana ni mkubwa kwangu, akaniitikia, kisha akanitazama kitambo.

"Wewe ndiye wa dukani," akasema. "Ulikuwa mnene zaidi."

Nikamwambia hata uongo wangu ulikuwa mnene zaidi. Hakucheka. Nikakaa chini kwenye mchanga, nikamweleza kwa Kiswahili, na Mahfudh amesimama nyuma yangu anatusikia bila ya kufahamu. Nimesema mengi katika kazi yangu, hakuna nililolisema kwa taabu kama lile. Nikamwambia gogo la mtende ni langu. Kuchunga ngamia mchangani ni kwangu. Mlango, nikasema, mlango bibi nimeutia mimi mwenyewe, hakuna mtu duniani aliyewahi kuusema kabla yangu.

Akaniuliza kaburi ni la nani. Nikamwambia la mumeo. Akasema hawakumwonyesha uso, walimwambia asitazame. Nikamwambia walimwonea huruma, jua na mchanga vilikuwa vimeshafanya kazi yake.

"Na sauti?" akasema. "Hiyo nayo umeitia wewe?"

"Sauti ni ya simu ya Mahfudh. Inapita redioni."

"Nnajua ana sauti kwenye simu. Nnakuuliza wewe uliyoisikia. Ilisema nini?"

Hapo vijana nnataka mfahamu nilivyokuwa. Nilikuja kusema kweli, na kweli nilikuwa nayo mdomoni, maneno saba tu. Kama ningaliyasema, yule mwanamke angalikaa katika kile kiti mpaka mguu umalizike na yeye amalizike. Kama sikuyasema, basi nimekuja kutoa uongo kwa uongo. Maisha yangu yote nimeongeza. Sijawahi kupunguza.

"Ilisema yalla," nikamwambia. "Yalla Samha, yalla binti. Kwa Kiarabu."

Mchanga ukateleza mlangoni.

"Kiarabu," akasema.

"Kiarabu, bibi."

"Hamed akimsemesha Samha Kiswahili." Alisema polepole, kama anayefungua kitu kilichofungwa zamani. "Walipokuwa peke yao tu, alfajiri. Akiona haya watu wasimcheke. Hata huyu mwanawe hajui, mimi ndiye niliyekuwa nikiwasikia kutoka zizini. Akimwita kama alivyokuwa akiniita mimi." Hakunambia akiitwa vipi, nami sikuuliza, Mungu anisamehe, nilijua. "Basi kama ni Kiarabu, ni simu."

Akamgeukia Mahfudh, akamwambia kwa Kiarabu amletee buibui na mkoba wake, na afunge madirisha ya nyuma, kesho alfajiri tunakwenda Maskati. Mahfudh akaniangukia shingoni. Nilimpapasa mgongo.

Nikwambieni kabisa, msikae na wasiwasi: mguu anao. Wamechukua vidole viwili tu, na leo anaishi kwa mwanawe Bawshar, anasukuma kigari cha madukani kwa kasi, watu wanampisha. Mahfudh aliiondoa mashine kwenye mgongo wa Samha jioni ile ile, mbele yangu, akasema hatamkimbiza tena. Alimfunga zizini kwa kamba mpya na fundo nililolikagua mimi.

Lakini ile safari ya alfajiri bado sijamhadithia mtu.

Ukungu ulikuwa umeshuka. Mahfudh alikaa mbele kando yangu, na kabla hatujatoka mtaani alikuwa ameshalala, wiki nzima hajafumba jicho. Mama yake nyuma, mguu juu ya mto. Mlango wa nyumba aliufunga kwa mkono wake mwenyewe, akatia ufunguo kwenye mkoba, hakugeuka. Barabara ya kwenda Maskati inapita ubavuni mwa kiwanja cha mbio, uzio huu hapa na gari hii hapa, kama kilomita nane hivi. Nilipofika usawa wa uzio nikamwona Samha. Hana kamba shingoni, hana kitu mgongoni. Alikuwa ndani ya kiwanja, anakwenda sambamba nasi. Nikiongeza mwendo anaongeza, nikipunguza anapunguza, shingo imenyooka kama anayefuata mtu.

Nikafungua kiyoyozi mpaka mwisho kwa ajili ya kelele zake tu, na ilikuwa baridi ya kutoa moshi mdomoni. Nikaanza kusema. Nikamweleza Bi Thuwaiba madaktari wa Maskati walivyo hodari, mmoja wao alimshona mtu mkono na jioni yule mtu akapiga gambusi. Nikamweleza maduka ya Bawshar, ngazi zinazopanda zenyewe, samaki wa kwenye kioo wakubwa kama basi. Nikamweleza skuli ya usiku, mwalimu, dawati, cheti, fremu ya cheti, msumari wa fremu. Sikuvuta pumzi, maana kila nikitaka kuvuta pumzi nilikuwa nnasikia, upande wa pili wa kioo, kitu ambacho sitaki kusema nilikisikia.

"Suleiman," akasema kutoka nyuma, "shusha kioo kidogo."

Nikamwambia kimeharibika, bibi, hakishuki.

Nami nikaendelea, nikahamia kwenye bei za samaki za mwaka niliooa, nikahamia kwenye shangazi zangu mmoja mmoja, na walipokwisha nikatunga wengine. Uzio ukawa unakwenda, ngamia anakwenda, ukungu unakwenda. Kisha uzio ukakatika, ukabaki mchanga mtupu, na sikutazama kioo cha pembeni. Nilikuwa kwenye shangazi wa kumi na nne.

Akanigusa bega. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi.

"Nyamaza sasa, mwanangu," akasema. "Tushapita."